Jengo Lililovaa Katambuga

Simu ya msiba ilinikuta dukani kwa muuza nondo, hapa Lindi, nikiwa katikati ya mabishano. Yeye alikuwa ametaja bei yake, mimi nimetaja yangu, na tulikuwa tumefika pale ninapopapenda, pale muuzaji anapoanza kuapa kwa jina la marehemu mama yake. Nikapokea. Alikuwa mtoto wa Mhandisi Kokushubira, anapiga kutoka Bukoba. "Mama mdogo Zuhura, mama amepumzika." Nikamwomba arudie, kwa sababu mimi kitu sikichukui kwa kukisikia mara moja, akarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Nikarudisha simu kwenye mkoba na kumlipa muuza nondo bei aliyoitaja mwanzo kabisa. Kijana wa watu alizishika zile fedha akanitazama kama nimemtukana. "Dada, unaumwa?" Nikamwambia ndiyo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria, na kila nikianza, akili haiendi kwenye miaka yote niliyomfahamu. Inakwenda kwenye mwaka mmoja tu, ule wa Nachingwea na Ruangwa, mwaka ambao nilijifunza kujenga nyumba ndani ya kompyuta na kuitikisa kabla ardhi haijaitikisa. Watu wakiniuliza kazi yangu ni nini, huwa nawajibu kwamba mimi ni dalali kati ya majengo na matetemeko. Wanacheka, nami nawaacha wacheke. Lakini wakati ule, nilipoanza, udalali niliouelewa ulikuwa wa mashati na viatu. Nilikuwa na stashahada ya ujenzi imelala sandukuni chini ya kanga, na meza ya mitumba katika soko la Nachingwea, na kati ya hivyo viwili ni meza iliyokuwa inanilisha.

Mhandisi alikuja pale mezani akitaka buti za kuendea saiti. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu wa Kagera aliyeletwa huku na kazi, anayeongea Kiswahili cha taratibu kama anayetembea juu ya tope. Nilimtajia bei. Akanitajia yake. Nikashuka kidogo, nikasubiri apande kidogo, kama watu wote wenye adabu wanavyofanya. Hakupanda. Hakuapa, hakucheka, wala hakujifanya anaondoka ili aitwe. Alisema namba yake ile ile, tena na tena, bila hasira, mpaka mimi mwenyewe nikaona aibu kwa niaba yake. Nikamwambia, "Mama, wewe hujui kununua." Akasema, "Na wewe unajua kuuza. Umesoma nini?" Nilipomwambia, aliweka buti chini, akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta yake, kitu kizito kama tofali la saruji, nikiogopa kukigusa.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani. Zamani kilikuwa ghala la korosho, na harufu ya magunia ilikuwa imeingia kwenye kuta kiasi kwamba hata karatasi za Mhandisi, ukizinusa, zilinukia msimu wa mavuno. Kati yetu na cherehani kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo siku nzima tulifanya kazi huku tukisikiliza mambo ya watu. Tulijua nani kanenepa na nguo inafumuliwa, nani anashona suti ya harusi ambayo bibi harusi bado hajaambiwa. Na tulijisikia wenyewe tukijadiliwa. "Yule mama wa Ruangwa anajenga nyumba itakayotembea," mteja mmoja alisema siku moja, na fundi akamjibu huku mguu uko kwenye pedali, "Ikitembea kuja huku, mimi nitaishonea suruali." Mhandisi aliinua kichwa kutoka kwenye michoro, akafikiri, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Haitembei. Inabaki, ardhi ndiyo inatembea." Mchana tulikula mbaazi na ugali wa muhogo, au ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha ikiwa msimu wake. Yeye aliimenya ming'oko kwa uangalifu mkubwa, kipande kwa kipande, na kila mara alimaliza kwa kusema ni mitamu, kwa sura ya mtu anayewaza ndizi za kwao.

Jengo lenyewe lilikuwa la wazazi na upasuaji, pale hospitali ya Ruangwa. Mwaka uliotangulia ardhi ilikuwa imetikisika kidogo, tikiso la kuamsha mbwa na kuangusha sufuria, na wodi ya zamani ya wazazi ikapasuka ukuta toka dirishani hadi kwenye msingi. Kina mama waliendelea kujifungua humo humo, kwa kuwa hapakuwa na kwingine. Mfadhili akajitokeza, na Mhandisi, ambaye alikuwa amesoma katika nchi ambayo ardhi hutikisika kama ungo wa mtu anayepepeta mchele, alipigania jambo moja: jengo jipya lisimame juu ya mito ya mpira. Kila nguzo, badala ya kuzama moja kwa moja kwenye msingi, iliwekwa juu ya mto mnene wenye tabaka za mpira na chuma, mgumu ukiubana toka juu, laini ukiusukuma toka ubavuni. Ardhi ikienda kushoto, mpira unanyumbuka, na jengo linafuata polepole kama mtu aliyeitwa na hana haraka. Fundi Likwena, msimamizi wa mafundi, alipoiona ile mito inashushwa kwenye lori aliizunguka, akaibonyeza kwa kidole gumba, akatangaza, "Hizi ni katambuga. Jengo letu linavalishwa katambuga za matairi." Jina likashika. Hata wauguzi walisema wanasubiri kuhamia kwenye jengo la katambuga.

Kazi yangu ilikuwa kulijenga jengo lile upya, ndani ya programu. Unaiambia kompyuta kila kitu: nguzo iko wapi, boriti ni nene kiasi gani, saruji ina nguvu gani, bati lina uzito gani. Kisha chini ya kila nguzo unaweka kiungo kinachowakilisha ule mto, unakiambia kiwe mgumu upande huu na mlegevu upande ule. Halafu unachukua mtikisiko uliorekodiwa kwingine duniani na kuupitisha chini ya jengo, nalo jengo kwenye skrini linaanza kuyumba. Hesabu moja ilikula asubuhi nzima, na umeme ukikatika kabla haijaisha, unaanza upya kama mtu aliyevunjikiwa na chungu njiani. Mhandisi alinifundisha jambo ambalo tayari nilikuwa nalo damuni: kuhesabu mara mbili. Kila mara kompyuta ilipomaliza, nilichukua karatasi, nikajumlisha mwenyewe uzito wote wa jengo, nikalinganisha na uzito ambao kompyuta inasema umefika chini. Visipolingana, mahali fulani kuna nguzo inayoelea hewani na programu haijaona haya kukunyamazia. "Kompyuta ni mtu mtiifu sana," aliniambia. "Itaamini chochote utakachoiambia. Usichoiambia, kwake hakipo." Niliyasikia maneno hayo nikayaweka. Sikujua kwamba yeye mwenyewe yatamrudia.

Maana jengo la namna ile lina sharti. Linahitaji nafasi ya kunyumbuka. Kwa hiyo liliachiwa mwanya kulizunguka lote, kama mfereji mkavu, kati ya ukuta wake na ardhi ya nje, umefunikwa kwa mabati mepesi yanayoweza kuteleza. Mwanya huo ukiwepo, jengo liko huru. Mwanya huo ukizibwa, mito yote ile imekuwa pambo. Mkaguzi wa mfadhili alitutumia habari kwamba hatatoa kibali cha kufungua mpaka hesabu zirudiwe kwa jengo jinsi lilivyojengwa kweli, si jinsi lilivyochorwa, na apate picha za pande zote. Mvua zilikuwa zinakaribia. Wodi ya zamani, ule ufa wake, ungepitisha maji hadi kwenye vitanda. Mhandisi alikuwa na homa wiki ile, na kwa muda alikuwa hajafika saiti kwa sababu ya vikao vya huku na kule, basi akanipa pikipiki ya mradi na futi ya kupimia, akaniambia, "Nenda ukapime kilichopo. Usipime unachokumbuka."

Nilifika Ruangwa nimekuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope. Jengo lilikuwa limepakwa rangi, limependeza. Na kulizunguka, pande tatu, palikuwa na baraza.

Nataka nilieleze lile baraza kwa haki, kwa sababu lilikuwa zuri. Lilikuwa la matofali, limepigwa niru nyekundu, ule mkandiko laini wa saruji, mpaka linang'aa, pana kiasi cha mtu kukaa kwa raha, limeegemea ukuta wa jengo kama mtoto anavyoegemea mgongo wa mama yake. Juu yake wanawake walikuwa wamekaa wanapukuchua mbaazi. Chini yake, pale palipokuwa na mwanya wetu, palikuwa pameshindiliwa kifusi. Nilisimama na futi mkononi bila kujua nipime nini.

"Karibu mwanangu," alisema Bi Somoe, nami nikamwamkia. Bi Somoe alikuwa mkulima wa ufuta, mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya fundi, ambaye ndiye aliyekuwa amewakusanya kina mama tangu mwanzo kuchota maji na kubeba mchanga wa ujenzi. Alipigapiga ile niru kwa kiganja. "Tumewafanyia mambo kidogo. Mwambie Mama Mhandisi asishukuru."

"Bibi, na lile shimo lililokuwa hapa?"

"Tumelifukia."

"Mmelifukia kwa nini?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akacheka kwa kunihurumia. Bi Somoe akanijibu polepole, kama anamweleza mgeni njia ya kwenda kisimani. "Shimo linazunguka nyumba ya watoto wachanga, limefunikwa kwa bati. Kivuli, baridi, panya. Wewe ungekuwa nyoka, ungelala wapi?"

Fundi Likwena alikuwa amesimama pembeni anachunguza kucha zake. Nilimvuta nyuma ya tangi la maji. "Fundi, wewe ulijua ule mwanya ni wa nini."

"Nilijua, dada."

"Na hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Nikawaambia jengo litataka kunyumbuka. Wakaniuliza, lini?" Akashusha sauti. "Halafu wameshatoka huko Nandagala na wapi, wamekaa kwenye vumbi wakiwasubiri binti zao mwaka hadi mwaka. Saruji ilibaki. Mke wangu ndiye aliyepiga niru ile kona. Ningesema nini?"

Nikapima. Nilipima baraza, nikapima ukuta, nikapima mahali mwanya ulipokuwa, kisha nikazunguka tena nikapima vyote upya, nikitumaini labda mara ya pili baraza litakuwa halipo.

Mhandisi aliisikiliza taarifa yangu akiwa amejifunika shuka ofisini, kikombe cha uji mkononi. Upande wa pili wa mbao cherehani ilikuwa inakimbia, ikasimama, ikakimbia tena. Mwishowe akasema, "Liingize kwenye modeli." Nikauliza, liingizwe vipi? "Kama lilivyo. Weka kizuizi kigumu pande tatu. Tuone ardhi itasema nini." Nikaliweka baraza la Bi Somoe ndani ya kompyuta. Lilikuwa mistari michache tu. Hakuna niru, hakuna mbaazi. Tukapitisha mtikisiko. Mwanzo jengo lilianza kunyumbuka kwa utulivu wake ule wa kawaida, kisha likafika kwenye baraza, likagonga. Na kule juu, kwenye chumba cha upasuaji, mshtuko uliruka ukapita hata ule ambao ungekuwepo kama tusingeweka mito kabisa. Jengo lililovalishwa viatu na kuzuiwa kutembea lilikuwa hatari kuliko lililo pekupeku. Nilirudia hesabu. Likagonga pale pale.

Sasa mimi, nilivyo, siwezi kuona mambo mawili yanapingana nisitafute bei ya katikati. Nikamwambia, "Tulikate kidogo upande wa ukutani, tuwaachie linalobaki."

"Kiasi gani?"

"Kiganja."

Akaingiza kiganja. Tukasubiri, tukala, tukarudi. Jengo likagonga.

"Viganja viwili, Mhandisi."

Akaingiza. Likagonga, kwa upole kidogo, lakini likagonga. Nikataka kuongeza nusu. Nikaanza kumweleza kwamba huo mtikisiko tuliouchukua ni mkubwa mno, ni wa nchi za watu, wa kwetu utakuwa na adabu. Labda tungechukua mdogo wake. Aliniacha niseme mpaka pumzi ikanikatika. Kisha akaniuliza, "Zuhura, unabishana na nani?"

"Na wewe."

"Mimi sijasema kitu."

Na kweli hakuwa amesema kitu. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, nimekaa na wenye majengo wanaotaka nipunguze nguzo, nipunguze nondo, wananizungusha kwa maneno matamu ambayo nayajua yote kwa sababu niliyauza sokoni kabla yao, na kila mara nawaacha waseme hadi pumzi iwakatike. Siwaulizi lile swali lake. Sina sauti ya kuliuliza. Siku ile, katika kile chumba chenye harufu ya korosho, nilifahamu kwamba upande wa pili wa meza palikuwa hapana mtu. Palikuwa na ardhi, ambayo haina mama wa kumwapia. Tuliendelea kulipeleka baraza mbali na ukuta mpaka jengo likaacha kugonga, na hapo ndipo tulipopata kipimo chetu: karibu urefu wa mkono, toka begani mpaka kwenye kiwiko na kuzidi. Baraza la kukalia lisingebaki. Lilikuwa lote ndani ya kipimo.

Tulikwenda pamoja Ruangwa, homa yake haijaisha. Alikataa kuwaita wanawake ofisini kwa mganga mkuu. Alikwenda pale pale barazani, akaamkia, akakaa kati yao, akaiweka kompyuta juu ya niru nyekundu. Walikusanyika wakainamia kioo. Aliwaonyesha kwanza jengo likiwa huru, linavyoyumba kwenda na kurudi.

"Mbona linacheza sindimba?" mmoja akauliza, na kicheko kilichopanda pale kiliwatoa wauguzi nje.

"Limecheza vizuri lakini," mwingine akasema. "Kiuno kipo."

Mhandisi alitabasamu, naye hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo. Kisha akawaonyesha la pili, lenye baraza, likigonga, na chumba cha upasuaji kikigeuka chekundu, rangi ya hatari. Kicheko kikakatika kidogo kidogo. Bi Somoe hakuwa amecheka tangu mwanzo.

"Hilo tikiso," alisema, "litakuja lini?"

"Sijui, mama."

"Na mvua?"

"Mwezi ujao."

"Eeh." Akaviringisha ganda la mbaazi kati ya vidole. "Haya. Sasa kwenye hiyo picha yako, sisi tunakaa wapi?"

Mhandisi akanyoosha mkono akalisogeza lile jengo kwenye skrini, akalirudisha nyuma, likawa dogo. Kulizunguka palikuwa na weupe mtupu. Hapakuwa na mti wala njia, wala mtu mwenye sufuria ya uji anayesubiri kuitwa. Nilikuwa nimekaa mbele ya ule weupe mwaka mzima na sikuwahi kuuona.

"Hampo," alisema.

"Ndiyo nilivyoona."

Mhandisi akafunga kompyuta. "Hapo nilikosea," akasema. "Nilichora wanaolazwa, sikuwachora wanaosubiri. Lakini baraza likibaki hapa, kibali hakitoki, na hata kingetoka nisingekubali. Binti zenu watakuwa mle ndani, kwenye meza, hawawezi kukimbia. Lazima livunjwe. Na saruji ya kujenga jingine sina. Nitaiomba, lakini leo sina." Bi Somoe aliinuka, akakung'uta maganda kwenye kanga yake, akaondoka. Wengine wakaondoka nyuma yake bila kelele, wakaenda kukaa chini kwenye vumbi mbele ya wodi ya zamani. Ningependa wangetutukana. Tukano unalijibu, mnaanzia hapo.

Asubuhi iliyofuata Fundi Likwena alikataa kushika nyundo. "Mama, nifukuze kazi. Nikiivunja ile kona, nitalala wapi usiku?" Mafundi wengine nao wakawa na mambo yao: huyu mgongo, huyu msiba wa jirani. Nilijaribu kuwatafutia bei. Hakuna aliyekuwa anauza. Basi Mhandisi akavua saa yake, akanipa, akachukua nyundo ile kubwa, akaanza mwenyewe. Sijawahi kuona mtu anapiga vibaya vile. Nyundo ilimvuta zaidi ya yeye kuivuta. Niru ilikwaruzika tu, ikabaki na makovu meupe. Nilichukua sururu nikamsaidia, nami sikuwa bora. Kule kwenye wodi ya zamani wanawake walikuwa wanatuangalia wakati wote, hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonifanya nisiweze kuinua macho. Mhandisi alijifuta jasho, akaishika nyundo tena. Alipiga, akapumzika, akapiga.

Nikaona miguu imesimama mbele yetu. "Unalipiga kama unaliomba radhi," alisema Bi Somoe.

"Naliomba," alijibu Mhandisi.

"Lete hiyo nyundo." Mhandisi akasita. "Lete. Si kwamba nimekubali. Nilichokijenga kwa mkono wangu hakivunjwi na mtu asiyejua kilivyojengwa." Aliishika nyundo, akazunguka hadi mwisho wa baraza, akatafuta mahali fulani kwa kidole, akapiga mara moja. Tofali zima likatoka. Wengine wakaja. Hawakuimba, kama walivyoimba siku za kubeba mchanga. Zilisikika nyundo tu, na mara moja moja Bi Somoe akisema kwa Kimwera, na mmoja wa mafundi akanitafsiria, kwamba vipande visitupwe. Kifusi walikitoa mwanyani kwa mikono na mabeseni. Mhandisi aliingia mle ndani pamoja nao, na kabla mabati hayajarudishwa aliamuru uwekwe wavu wa waya mwanya mzima, wenye matundu ambayo nyoka hapiti. Hakuwahi kuuchora huo pia.

Kibali kilitoka. Wazazi walihamishwa wakati mawingu yameshajaa, na mvua ya kwanza iliponyesha wodi ya zamani iliingiza maji hadi uvunguni, ikiwa tupu. Nawaandikia wanaopenda kusikia kwamba baadaye ardhi ilitikisika na jengo likasimama, na wote wakaelewa: haijatikisika. Sio kwa namna ya kulijaribu jengo lile. Miaka yote hii mito ile imekaa chini inasubiri, na mimi kila nikipita Ruangwa nalizunguka jengo, nikimaliza nalizunguka tena. Mhandisi amekufa bila kujua kama alikuwa na haja ya kuwakosea wale wanawake. Wakati mwingine nadhani hiyo ndiyo kazi yenyewe, lakini nikijisikia nasema hivyo nanyamaza, kwa maana mimi sikuwa kwenye vumbi nikimsubiri binti yangu.

Ombi la saruji lilikuwa bado liko njiani uhamisho wake ulipotoka. Tulikwenda kuaga. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile, na tulipoingia uwanjani tukaona kitu kirefu, kifupi kwenda juu, kimejipinda kidogo kama mgongo wa mzee, kimepita sambamba na jengo kwa mbali. Wanawake walikuwa wamevipanga vile vipande vya baraza. Walivishikiza kwa udongo wa kichuguu, bila saruji hata kijiko, na juu yake wakaezeka paa la makuti. Huku niru nyekundu imetazama juu, huku imetazama chini, kona ya mke wa Likwena iko katikati. Watu walikuwa wamekaa juu yake, na sufuria zao, na vitenge vya kupokelea watoto.

Mhandisi hakuamkia kwanza. Alinyoosha mkono nikampa futi, kwa sababu alikuwa vile alivyokuwa. Alipima toka ukutani hadi kwenye baraza, akasogea, akapima tena mahali pengine, akaenda hadi mwisho. Wanawake walimtazama, na Bi Somoe alitazama kwingine.

"Mmeacha zaidi ya nilivyosema," Mhandisi alisema.

"Najua."

"Zaidi sana."

"Hiyo ya juu ni nyongeza," alisema Bi Somoe, bado hamwangalii. "Ulisema hujui litakuja lini. Na ukubwa wake je, unaujua?"

"Siujui."

"Basi."

Mhandisi akakunja futi taratibu, akaishika kwa mikono miwili kama kitu alichopewa. Bi Somoe akavuta sufuria yake miguuni, akakusanya kanga, akasogea. Nafasi iliyopatikana haikuwa kubwa. Mhandisi akakaa.